Barua ya Wazi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kwa Manaibu Chansela, Juu ya Mifumo ya Masomo Isiyojuana

Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa Manaibu Chansela wa vyuo vikuu vyote vya Kenya vyenye wanafunzi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Waheshimiwa,

Naomba idhini niwaeleze jambo ambalo halijapewa nafasi yake katika mashauri ya wakubwa wa elimu, ijapokuwa hapana mwanafunzi wa chuo aishiye mashariki ya mto Tana asiyelijua kwa uzito wake katika mfuko na katika usingizi. Jambo lenyewe ni kwamba kila chuo kikuu kimejijengea mfumo wake wa kufundishia kwa mtandao, wenye nywila zake, taratibu zake na daftari lake la alama, pasipo mfumo mmoja kuutambua mwingine. Na kwamba mwanafunzi aliye mbali, ambaye kwa ajili yake hasa mifumo hiyo ilisemwa kuwa imeanzishwa, ndiye aliyeachiwa kazi ya kuiunganisha kwa mikono yake, kwa nauli yake na kwa bando la simu yake.

Mtu wa Nairobi huenda akaliona jambo hili kuwa dogo, na kwake yeye ni dogo kweli, kwa sababu alama yake ikikosekana hupanda matatu asubuhi, akagonga mlango wa idara, akabishana na karani, akarejea nyumbani kabla ya magharibi. Mwanafunzi wa mjini Garissa yuko kilomita 370 hivi kutoka kwenye mlango huo, na wa Mandera yuko mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa njia ambayo si kila mwezi hupitika kwa amani. Basi kwake yeye mfumo ule wa mtandaoni ndio chuo chenyewe. Hana mlango mwingine wa kugonga. Na ukimkataa, amekataliwa na chuo kizima, pamoja na maprofesa wake na maktaba yake.

Tena mwanafunzi wa namna hii aghalabu si wa chuo kimoja. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Dadaab au Habaswein, mwenye cheti alichokipata mahali pamoja, stashahada aliyoianza mahali pengine chini ya mradi uliofika kikomo fedha za wafadhili zilipokwisha, na shahada anayoisaka sasa katika chuo cha tatu, huku akifuata somo fupi la chuo cha nne kwa kuwa mwajiri wake amemtaka alifuate. Kila mahali ana nambari yake ya usajili. Na ndani ya chuo kimoja tu huenda akakuta milango mitatu: mmoja wa ada, mmoja wa masomo, mmoja wa matokeo, kila mmoja ukimdai nywila yake na kila mmoja ukimsahau kwa wakati wake. Alama aliyoipata katika mfumo wa masomo hainakiliki yenyewe kwenda katika daftari la mitihani, bali hunakiliwa na mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu huchoka. Ndipo linapozaliwa lile balaa la alama zinazokosekana, ambalo mwanafunzi wa Kenya hulirithi kutoka kwa waliomtangulia, na ambalo, ingawa lina sababu nyingi na nyingine si za mashine hata kidogo, sehemu yake hutoka hapo hapo penye ufa baina ya mfumo na mfumo.

Isidhaniwe kwamba kisa ni wingi wa programu. Ingekuwa hivyo tungeweza kusema, kama wasemavyo baadhi ya wataalamu, kwamba Serikali ichague programu moja na kuwalazimisha wote waifuate, mambo yakaisha. Lakini vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimekwisha kuchagua programu moja bila ya kulazimishwa na mtu, nayo ni Moodle, iliyotungwa na Martin Dougiamas katika mji wa Perth, Australia, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2002 pasipo kuuzwa, ili kila atakaye aichukue na kuitengeneza apendavyo. Na bado Moodle ya chuo hiki haiijui Moodle ya chuo kile, ijapokuwa ni ndugu wa tumbo moja. Laiti tofauti za mashine zingekuwa ndizo zilizotutenga, jambo hili lingekuwa limekwisha siku nyingi. Kilichotutenga ni kwamba hapana aliyewahi kuketi akaandika mkataba wa namna chuo kimoja kitakavyomtambua mwanafunzi wa chuo kingine na kuiamini alama aliyopewa huko.

Wala si kwamba dawa haijapatikana duniani. Jeshi la Marekani lilipochoka kugharimia somo lile lile mara nyingi, kwa kuwa lililotengenezwa kwa mfumo mmoja halikufunguka katika mwingine, Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilisimamia kutungwa kwa kanuni ziitwazo SCORM, zilizoenea mwanzoni mwa karne hii, ambazo hulifunga somo pamoja na maswali yake katika kifurushi kimoja, kikaweza kupakiwa katika mfumo wowote unaozifuata, nao mfumo huo ukajua mwanafunzi amefika wapi na amepata ngapi. Mwaka 2010 jumuiya iliyoitwa IMS Global, ambayo siku hizi hujiita 1EdTech, ikatoa kanuni nyingine iitwayo LTI, ambayo kazi yake ni nyepesi kuieleza. Mwanafunzi aliyekwisha kuingia katika mfumo wa chuo chake akibofya somo lililoko katika mfumo wa chuo kingine, mfumo wake humwandikia waraka wa utambulisho uliotiwa muhuri usioghushika, unaosema huyu ni nani, ni mwanafunzi au ni mhadhiri, na amesajiliwa somo gani; mfumo wa pili huukagua muhuri, humfungulia bila ya kumdai nywila nyingine, na akimaliza kazi huirudisha alama kule alikotoka. Moodle inazifahamu kanuni hizi zote mbili. Zimo ndani yake, zimelala, zikingoja mtu wa kuziamsha kwa idhini ya mkubwa wake.

Fauka ya hayo, tunao tangu mwaka 1999 mtandao wa vyuo vyetu wenyewe, yaani KENET, ambao ndio unaovipelekea vyuo intaneti, na ambao umeleta huku kwetu utaratibu wa dunia nzima uitwao eduroam, ambapo mwanafunzi wa chuo kimoja akizuru chuo kingine simu yake hushika mtandao wa hewani kwa nywila ile ile ya kwao, kwa sababu chuo cha ugenini kimekubali kuliamini neno la chuo chake. Basi vyuo vyetu vimekwisha kuaminiana katika jambo la kumpa mgeni intaneti. Ni ajabu, nami nasema kwa heshima, kwamba mgeni huyo huyo akifungua somo kwa intaneti hiyo hiyo, huulizwa upya yeye ni nani, na asipokuwa na jibu lililotolewa na chuo kile, hufukuzwa.

Mkitaka kuona namna jambo hili linavyoweza kwenda vizuri pasipo mashine yoyote, njooni mtazame duksi, yaani madrasa za Qur'ani, za wafugaji katika nyika za Wajir na Lagdera. Familia ikihama kufuata malisho, mtoto huhama na ubao wake wa kuandikia, na akifika kwenye maji mengine akaketi mbele ya maalimu asiyepata kumwona maishani, huulizwa jambo moja tu, amesimama katika sura gani. Akijibu, maalimu humsomesha kidogo ili amthibitishe, na kuanzia hapo darsa huendelea. Maalimu wa pili hamdai ada ya kusajiliwa upya, wala hamrudishi mwanzo wa juzuu ili aonyeshe kwamba mafundisho yake ni bora kuliko ya mwenzake. Maalimu hao hawakufanana kwa tabia wala kwa mtindo. Mmoja mkali, mmoja mpole. Lakini kitabu ni kimoja na mpango wa sura ni mmoja, na kila mmoja wao humthibitisha mwanafunzi kwa kumsikiliza, asimhukumu kwa jina la mahali alikotoka. Ninyi mna vitabu vingi na fani nyingi, nami silisahau hilo, lakini mpango wa kujulishana mwanafunzi alikosimama hauhitaji vitabu viwe kimoja.

Sipendi tukio la 2 Aprili 2015, magaidi walipokishambulia chuo cha Garissa, litajwe kila mara Garissa inapotajwa, maana mji huu una masoko, mashamba ya kando ya mto, washairi na vichekesho vyake, wala haukuumbwa uwe kaburi la watu 148 peke yake. Lakini hoja yangu haitimii bila ya tukio hilo. Wanafunzi walionusurika walipelekwa Eldoret, katika Chuo Kikuu cha Moi, wakaendelea na masomo. Jambo hilo liliwezekana kwa wepesi uliowezekana kwa sababu Garissa, tangu mwaka 2011, kilikuwa chuo tanzu cha Moi, na shahada waliyokuwa wakiisomea ilikuwa ya Moi tangu awali. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Garissa kinachojitegemea, jambo ambalo kwetu ni fahari na lilistahili. Lakini niulize: leo hii, Mungu apishe mbali, wanafunzi wa Garissa wakilazimika kuhama ghafla kwenda chuo kisicho mama yao, masomo yao yatabebwa na nini? Kazi walizozikabidhi, alama za majaribio ya nusu muhula, mihadhara waliyoifuata, vyote vitabaki katika seva ya mahali wasipoweza kurudi, na msajili wa kule waendako atakuwa na karatasi ya matokeo ya mwaka uliopita tu, kama alibahatika kuipata.

Na si vita peke yake vinavyohamisha watu. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, maji ya Tana yaliikata barabara upande wa Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua kuufikia mji. Minara ya simu imepigwa mara kwa mara katika kaunti zetu tatu, na mnara ukianguka, eneo zima hutoweka katika mtandao mpaka fundi athubutu kurudi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingi zikabaki na watoto wasio na wa kuwafundisha. Tangu siku hiyo kila kiongozi aliyesimama hapa amesema kwamba dawa ni kuwasomesha ualimu vijana wa hapa hapa. Ni kweli tupu. Lakini vijana hao watausoma wapi, na kwa njia gani, kama si kwa njia ya mtandao huu ninaousema, wakiwa kazini, katika vyuo viwili vitatu, mwanafunzi akichukua somo la hesabu kwa chuo chenye mhadhiri wa hesabu na la Kiswahili kwa chuo chenye mhadhiri wa Kiswahili?

Na hili limepata kujaribiwa, waheshimiwa, wala halikujaribiwa Nairobi. Lilijaribiwa Dadaab, katikati ya Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa watu waliodhaniwa kuwa wangekaa kwa muda mfupi. Mwaka 2013 ulianza huko mradi ujulikanao kwa kifupi chake, BHER, ambao ulivikutanisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi, York cha Toronto na cha British Columbia, pamoja na shirika la Windle, kwa fedha za Serikali ya Kanada, ili kuwasomesha walimu wa kambi na wa vijiji jirani hapo hapo walipo, sehemu ana kwa ana na sehemu kwa mtandao, katika kituo kilichojengwa mjini Dadaab. Wenye mradi walielewa tangu mwanzo jambo ambalo vyuo vingi havijalielewa hadi leo: kwamba mwanafunzi wao angeweza kuondoka wakati wowote, akapelekwa Minnesota kuanza maisha mapya, au akarudishwa Kismayu, au kambi yenyewe ikaamriwa kufungwa, kama ilivyotangazwa mwaka 2016 kabla ya Mahakama Kuu kuibatilisha amri hiyo mwaka uliofuata. Kwa hiyo waliyapanga masomo kwa ngazi, cheti, kisha stashahada, kisha shahada, kila ngazi ikisimama kwa nafsi yake na kubebeka na mwenyewe aendako.

Mradi ule ulikuwa na taabu zake, na waliokuwa ndani yake wanazijua kuliko mimi: tofauti za kalenda za vyuo, joto la kituoni, wanawake waliokuwa wachache kuliko ilivyotakiwa kwa sababu ya kazi za nyumbani na umbali wa njia. Lakini ulithibitisha kwamba vyuo vinne vya mabara mawili vinaweza kumsomesha mtu mmoja na kukubaliana juu yake. Ninalolisikitikia ni kwamba makubaliano yale yalikaa katika mradi, yakawa ni ya mradi, hayakuandikwa katika kanuni za nchi, hata chuo kingine kikitaka leo kujiunga na kingine kwa ajili ya mwanafunzi wa Hulugho au wa El Wak sharti kianze upya kama kwamba jambo hilo halikupata kufanywa na binadamu yeyote katika mchanga huu huu.

Wazee wenzangu watakumbuka pia kwamba kati ya mwaka 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mkenya aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na Mganda aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, wote wakirudi kwao na shahada moja inayofahamika kote. Makaratasi yaliyotoka kwenye taipureta yalitosha kuyabeba mambo hayo, na treni na meli ya ziwani zikatosha kuwabeba wanafunzi. Siyasemi haya kwa kuililia siku iliyopita, kwa maana chuo kile kilivunjwa kwa sababu zake na kila nchi ikapata chake; nayataja kwa kuwa vijana wa TEHAMA wakiambiwa habari za kutambuana baina ya vyuo hulipokea jambo hilo kama kwamba ni geni lililotoka ng'ambo.

Wapo watakaosema kwamba soko litayamaliza mambo haya lenyewe. Nawaomba watazame fedha za simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka 11 mtu wa kampuni moja alimtumia fedha mtu wa kampuni nyingine kwa taabu na kwa njia za kuzunguka, mpaka Aprili 2018 ndipo mifuko ya simu ya kampuni zetu ilipofunguliana moja kwa moja. Na haikufunguliana kwa mapenzi, ilifunguliana kwa kusukumwa na wasimamizi. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa wamekwisha kututangulia tangu mwaka 2014, baada ya kampuni zao kuketi na kukubaliana. Biashara kubwa haina haja ya kumfungulia ndogo mlango, na chuo kikubwa vile vile hakina haja. Basi ikiwa Tume haisukumi, hapana atakayesukuma.

Na ambaye hakufunga mkataba wa kutoka siku ya kununua, hujuta siku ya kuhama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kutumia WebCT, kisha Blackboard, kabla ya kuhamia Moodle. Na hiyo WebCT, iliyozaliwa katika chuo kile kile cha British Columbia kilichokuja Dadaab baadaye, ilinunuliwa na Blackboard mwaka 2006, na jina lake likafutika katika biashara. Kila uhamisho wa namna hiyo, popote ulipofanyika duniani, umewala wahadhiri miezi ya kuyaandika upya masomo waliyokwisha kuyaandika. Nasikia baadhi yenu sasa mnaletewa mifumo mipya ya kununuliwa kwa mwaka, yenye sura nzuri. Muulizeni mchuuzi swali moja kabla ya chai: siku tukiondoka, tutatoka na nini mikononi, na kwa muundo gani?

Sasa nifike kwenye tahadhari, ambayo pengine msingeitarajia kutoka kwa mtu aliyekuja kuomba mifumo iunganishwe. Sisi watu wa Garissa tunajua madhara ya madaftari mawili kuunganishwa vibaya. Miaka ya ukame na njaa, Wakenya wengi wa huku walijiandikisha katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula na matibabu, baadhi yao wakiwa watoto wachanga mgongoni mwa mama zao. Walipokua wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikalinganisha alama za vidole, ikasema hawa ni wakimbizi, wakafungiwa nje ya uraia wao, na maelfu yao wakakaa hivyo miaka mingi, pasipo kazi ya halali na pasipo chuo. Kwa hiyo ninapoomba mifumo ya masomo ijuane, naomba ijuane juu ya masomo, basi. Alama ipite, somo lipite, jina la mwenyewe lipite kwa ridhaa yake. Hali yake ya uraia, dini yake, ukoo wake na nambari ya kadi yake ya ukimbizi visipite, wala asiyekuwa na kitambulisho cha taifa asizuiliwe kuwa na utambulisho wa mwanafunzi. Chuo kinahitaji kujua kwamba aliyeandika insha ya kwanza ndiye aliyeandika ya pili. Hakihitaji kujua babu yake alizaliwa upande gani wa mpaka.

Katika hili sheria iko upande wa mwanafunzi kuliko anavyodhani mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa kila mtu haki ya kupewa habari zake kwa muundo ulio wa kawaida na unaosomeka na mashine, na ya kuzipeleka kwa mwingine. Alama za mwanafunzi ni habari zake. Kazi alizoziandika ni zake zaidi. Na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu ya mwaka 2014 ilikwisha kuyataka masomo yaweze kukusanywa na kuhamishwa kutoka chuo hadi chuo. Tulicho nacho basi ni haki iliyoandikwa pasipo njia ya kuipitia, na njia hiyo hapana wa kuifungua ila ninyi.

Ninaloiomba Tume ni kwamba, inapokagua na kuidhinisha kozi yoyote ya kufundishwa kwa mtandao, isiishie kuuliza kama seva ipo na kama wahadhiri wamefunzwa kuitumia, bali iutake mfumo wenyewe utoe mbele ya wakaguzi masomo ya mwanafunzi mmoja, kamili, kwa kanuni zilizo wazi, yafunguliwe katika mfumo wa chuo kingine. Na yasipofunguka, kozi isubiri. Kwenu Manaibu Chansela, ninaloomba ni dogo kwa sura na zito kwa ndani: kwamba wenye vyuo mnaofundisha walimu wa kaunti hizi tatu, Garissa, Moi, Kenyatta, pamoja na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati yake Agosti 2023 na ambacho hakina udhuru wa mazoea ya zamani, muanze na masomo machache ya ualimu, mkubaliane juu ya uzito wa kila somo, mkaruhusu mwanafunzi wa mmoja wenu ayasome katika mfumo wa mwingine kwa nywila moja, na alama irudi kwao yenyewe. Na lolote mtakalolitengeneza, litengenezeni liweze kupakuliwa wakati mtandao upo na kusomwa wakati haupo, kwa simu ya bei ya chini, kwa sababu mfumo uliounganishwa na dunia nzima lakini unaotaka intaneti kila dakika, kwa mtu wa Fafi haujaunganishwa na kitu.

Najua kitakachosemwa mlango ukifungwa. Itaulizwa ada ni ya nani. Ni swali la haki, wala halina aibu, maana vyuo vina madeni na mishahara. Na jibu lake ni hesabu ya kugawana kwa kila somo, ambayo wahasibu wenu wanaiweza. Itasemwa kwamba Seneti ya chuo hiki haiwezi kuiamini mitihani ya chuo kile. Hapo ndipo napashangaa, kwa kuwa Seneti hizo hizo huwaalika maprofesa wa vyuo hivyo hivyo kila mwaka kuja kuwa watahini wa nje, wakaitia saini mitihani yao, nazo zikawalipa na kuwashukuru. Basi ikiwa profesa yule anaaminika kuwahukumu wanafunzi wenu akiwa mgeni, inakuwaje mkamkataa akiwahukumu wanafunzi wake mwenyewe nyumbani kwake?

Mkikubali kukutana juu ya jambo hili, nami naomba mkutane Garissa, penye Chuo na penye wanafunzi wa kuulizwa, msimwite mkuu wa TEHAMA peke yake. Yeye atawaambia, na atakuwa amesema kweli, kwamba kwa upande wake kazi si kubwa. Mwiteni na msajili wa masomo wa kila chuo, aje na daftari lake la mitihani na saini yake, kwa maana yeye ndiye mwenye kuamua alama iliyotoka nje iandikwe au isiandikwe, na mpaka leo hapana aliyemuuliza.

Ni mimi wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Garissa